Acheni kumchapa farasi mzee mkidai mnamfundisha

Kamwene wadau. Naandika nikiwa na hasira, na sihitaji wa kuniambia nitulie.

Huku Mufindi kuna shamba lenye farasi wa kupandisha wageni. Mmoja wao ni mzee, dume aliyehasiwa. Ukimfunua mdomo unaona ule mfereji wa kahawia kwenye jino la mbele la pembeni, taya la juu. Huanza kuonekana farasi akiwa na miaka kama 10, na akifikia 20 umeshateremka mpaka ncha ya jino. Kwake umefika chini, na huku juu umeanza kufutika. Ni makisio, lakini hakuna wa kunidanganya kwamba ana miaka 12. Farasi aliyetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, pigeni hesabu wenyewe amebakiwa na nini.

Mzee huyu hapandi lori. Havuki kijito. Ukimletea tandiko analaza masikio na kutafuta mkono wa kuuma. Mwenye mali kaamua lazima anyooke, kamleta mtu anayejiita mwalimu wa farasi, na mwalimu kaja na mjeledi. Mnyama anachapwa miguuni mbele ya Fuso mpaka jasho linamchuruzika, katika baridi hii ya Juni ambayo sisi wenyewe tunavaa makoti mawili. Akirudi nyuma, fimbo. Akisogea hatua moja mbele, fimbo tena, eti aongeze.

Sasa hapo anafundishwa nini? Farasi hujifunza pale unapomwachia. Unavuta kamba kidogo, akitii unalegeza papo hapo, na huko kulegeza ndiko kunamwambia amepatia. Ukichelewa kidogo tu, keshaunganisha na jambo lingine. Ukimpiga akiwa ameshasogea, umemwonyesha kwamba kusogea kunaleta kipigo, kisha unamwita mkaidi! Huyo mwalimu angeulizwa swali hili moja kabla hajalipwa hata shilingi.

Halafu hakuna aliyemchunguza mwili. Magego ya farasi huendelea kuchomoza kwa sehemu kubwa ya maisha yake na yakisagika vibaya hubaki na kingo kali zinazochana mashavu kwa ndani. Mvute hatamu hapo uone kama hatarusha kichwa. Viungo vya miguu ya nyuma vya mnyama wa umri huu mara nyingi vimechakaa, na kuteremka kijitoni au kupanda mbao za lori ni kuviumiza. Mgongo nao umebonyea, kwa hiyo tandiko lililomkaa enzi za ujana sasa linambana mabegani. Hata macho: farasi huchelewa kuzoea akitoka kwenye jua kuingia gizani, na kilicho mbele ya pua yake kabisa hakioni. Mnamwingiza kwenye lori lenye giza mchana kweupe, anasita, mnasema ana kiburi.

Na ninyi wa upande wa pili, wapole, mnaosema mpeni upendo na muda atabadilika, nanyi nina neno nanyi. Nimeshasikia hilo mpaka basi. Meno yatasawazishwa, dawa ya viungo atapewa, tandiko litabadilishwa, na bado kuna mambo hatayafanya. Hofu iliyokaa miaka mingi haifutiki. Unaweza kumfundisha jambo jipya likakaa juu ya hofu hiyo, ila siku akishtuka au akichoka, la zamani linarudi pale pale, na aliyekaa mgongoni ni mtoto wa mgeni. Kukubali hivyo si uvivu. Wenzetu wa Mbozi wanaolima kwa maksai wanamfunga ng'ombe nira akiwa bado kijana, hawasubiri azeeke. Samaki mkunje angali mbichi, methali mnaijua wote, sasa huyu aliyekwisha kukauka mnamkunja ili iweje?

Tena wa nini huko kwenye lori? Hana safari. Kijito kina njia ya kuzunguka. Yapo anayoyafanya bila ugomvi: anaongozwa kwa kamba na mtoto mdogo mgongoni kwenye barabara tambarare ya msituni, bila lijamu na bila tandiko, anatembea vizuri kabisa. Anainua miguu yote minne akikatwa kwato, kazi ya kila wiki sita hadi nane ambayo farasi vijana wanaipinga kwa mateke. Na wale wachanga wakifungwa karibu naye wanatulia. Hiyo ni kazi tosha kwa mzee. Mwenye mali haioni kwa sababu haletewi risiti.

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ukatili ni kosa. Nimemwambia mhusika ana kwa ana, jibu likawa farasi ni wake. Kwa hiyo naenda kwa afisa mifugo na nitaeleza kila kitu kama nilivyoeleza hapa. Atakayekuja kuniambia ni mnyama tu, asijisumbue kuandika.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Anayemfahamu daktari wa mifugo anayejua kusawazisha meno ya farasi na anaweza kufika Mafinga, hata akitokea Iringa mjini, Mbeya au Morogoro, anitumie ujumbe wa faragha. Nauli yake nitaichangia mimi.