Simu ya Marekani imegoma laini za Bongo, nifanyeje?

Mzee wa Tabata:
Wakuu habari za jioni. Dada yangu yuko Texas, kanitumia iPhone 13 kwa mtu aliyekuja likizo. Mpya, ya kwenye boksi. Naweka laini inaandika SIM Not Supported. Nikaazima laini ya mtandao mwingine, yale yale. Dada aliilipia yote dukani, haina mkopo wala mkataba, ni ya malipo ya kabla. Kawapigia waliomuuzia, wanamjibu eti lazima kwanza itumike kwenye mtandao wao. Itatumikaje huko wakati iko Tabata? Kitu nimenunuliwa, funguo wamebaki nazo wao! Fundi wa Kariakoo anasema ataniwekea R-SIM, kijichip cha kubandika chini ya laini. Nishaurini kabla sijatoa hela.

Kibopa:
Weka R-SIM mkuu, acha kujitesa. Yangu inapiga kazi mpaka leo. Ila usiguse update.

Binti Mnyamani:
@Kibopa hapo kwenye "usiguse update" ndipo penye kesi. Kile kijichip kinakaa chini ya laini na kuidanganya simu kwamba laini ni ya kampuni ile ya Marekani. Lock ya kampuni haijatoka. Siku iOS (mfumo wa iPhone) ikibadilika unarudi kwa fundi na hela nyingine. Halafu ukitaka kuiuza, mnunuzi anaingia Settings, General, About, anashuka hadi Carrier Lock. Isipoandika No SIM restrictions, bei inaporomoka.

Mbeba Boksi (Maryland):
Pole sana kaka. Huku simu za malipo ya kabla huuzwa bei chee kwa sababu kampuni inategemea utakaa kwake na kununua vifurushi vyake, ndiyo maana inaifunga. Mwaka 2013 watu zaidi ya 100,000 walisaini ombi kwa Ikulu ya Marekani wakitaka kufungua simu kuruhusiwe, na Agosti 2014 Obama akasaini sheria. Lakini sheria yenyewe ilikuruhusu tu wewe kufungua bila kuvunja hakimiliki. Haikuilazimisha kampuni ikufungulie. Kampuni kubwa ziliahidi zenyewe kwamba za malipo ya kabla zitafunguliwa kabla ya mwaka kupita, na mwaka huo unahesabiwa tangu simu ilipowashwa kwenye mtandao wao. Yako haijawashwa, kwa hiyo hata ikae kabatini miaka mitano, hesabu haijaanza. Wanajeshi wanaotumwa nje ya nchi hufunguliwa mapema, wewe sidhani kama umo.

IMEI (namba ya utambulisho wa simu) ipate kwa kubonyeza *#06#, umpe dada. Maombi apeleke yeye, maana ndiye mteja wao.

Otis wa Umoja:
Huku Nairobi watu huchanganya hii na lock ya simu za lipa mdogo mdogo. Hiyo ni ya deni: usipolipa skrini inajifunga, hata laini iwe gani. Yako ni ya mtandao tu, Wi-Fi bado inafanya kazi.

Shangazi Leicester:
Uingereza Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ilipiga marufuku kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 2021. Canada waliwatangulia, Desemba 2017. Marekani ndiyo wanaleta usumbufu. Mwambie dada siku nyingine anunue iliyoandikwa unlocked, hata kama bei imechangamka.

Mzee wa Tabata:
Asanteni. @Mbeba Boksi, kwa hiyo bora irudi kwa dada aiwashe na aitumie mwenyewe?

Mbeba Boksi (Maryland):
Ndiyo, au aulize kama siku za kurudisha dukani hazijapita, achukue iliyo wazi aongezee tofauti. Akichukua iPhone 14 au mpya zaidi ajue kwamba za soko la Marekani hazina tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini iliyo ndani ya simu, huichomeki. Hakikisha kwanza mtandao wako una eSIM.

Binti Mnyamani:
Na kabla ya kuirudisha toa iCloud yako (akaunti yako ya Apple), zima na Find My, ile ya kutafutia simu iliyopotea. Ukisahau, dada atapokea simu yenye lock mbili, na ya pili itakuwa yako.