Flash!! Mtu mzima kanipa FLASH kikaoni

Wadau nimetoka kikaoni sasa hivi, naandika nikiwa chooni mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule yule wa simu mbili, sina haja ya kumtaja.

Wiki tatu silali napiga hesabu za seva, tunahama ECC, ile programu ya SAP ya kuendeshea hesabu za kampuni, kwenda mpya wake S/4HANA maana ule wa zamani msaada wake wa kawaida unaisha mwisho wa 2027. Nimeendesha ripoti ya saizi, data ikishabanwa ni GB 180, na HANA, hifadhidata ya huo mpya, inaipakia yote kwenye RAM (memori ya seva ya kufanyia kazi, siyo ya kutunzia mafaili kama flash) halafu inataka nafasi nyingine kama hiyo ya kufanyia kazi, weka na ya mfumo wenyewe, nikaomba RAM ya GB 512 tusije tukarudi kupiga magoti mwakani. Slaidi 14!

Jamaa akacheka. Akachomoa flash kwenye funguo za gari, akaisukuma mezani mpaka ikagonga glasi yangu ya maji, "hii ina 64, anza nayo, zikijaa utasema." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mpaka mhasibu, ambaye kila akifunga hesabu za mwezi ananipigia saa 5 usiku analia mfumo umeganda. Flash jamani! Ina tangazo la duka la matairi! Na nimeibeba, sijui hata kwa nini, ipo mfukoni hapa.

Mzee_wa_Kebo: Pole mkuu ila povu lote hili la nini, si uliandika "memori" tu, yeye atajuaje?

Mleta mada: Niliandika RAM mara 11. Imegonga GLASI mkuu!

Bibi_Toneri: Wewe angalau umepewa kitu. Mimi tangu Februari naambiwa toneri haijaisha, itikise.

chumacha_pua: 😂😂 Kwetu wanaianika juani kwanza

dogo_wa_IT: Mleta mada hiyo flash ina nini ndani? Fungua

Mleta mada: Nimefungua. Picha za harusi GB 58 na virusi. Yaani hata hizo 64 hajanipa zote!!

Mzee_wa_Kebo: Harusi ya nani tena? Leta picha

KaaKimya: Si mlipie nyongeza ya msaada mpaka 2030, mtakuwa mmeshahama kazi wote. Halafu 512 kwa umeme upi, jenereta letu jana limezima katikati ya mishahara, dizeli ilijazwa Ijumaa na mlinzi anasema imekauka kwa joto

chumacha_pua: Imekauka!! Huyo mlinzi apewe ukurugenzi

Mleta mada: Wadau turudi kwenye mada, flash

dogo_wa_IT: Bibi samahani, toneri unatikisa juu chini au kushoto kulia?

Bibi_Toneri: Kushoto kulia mwanangu, polepole. Juu chini inamwagika, waulize masijala na yale mashati meupe