Meneja anataka majina ya wakata mkonge niliowahoji, nifanyeje?

Binti Chumbageni: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nasoma shahada ya uzamili, utafiti wangu uko kwenye shamba moja la mkonge wilayani Muheza. Nafuatilia maji ya korona (mashine ya kukamua majani ya mkonge) yanayoshuka mtoni na haki za wakataji waliotoka Kigoma. Singa, yaani nyuzi za mkonge, haifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani. Yanayobaki ni makapi na maji makali yanayonuka. Kambi ya wakataji iko chini ya mfereji huohuo. Mtu anakata mizigo tangu alfajiri, jioni anaoga maji yanayomwasha. Sasa meneja kasema nisipompa orodha ya niliowahoji, nisikanyage tena shambani. Wengi wao hawana mkataba wa maandishi. Naombeni ushauri.

Mzee wa Ngomeni: Marahaba mwanangu. Usimpe hata jina moja! Baba yangu aliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuandikisha vibarua enzi za ukoloni, kutoka Kasulu kule Kigoma, manamba wa kipande (kadi ya kuhesabia siku za kazi), nami nimezaliwa kambini. Mwenyeji akifukuzwa anarudi kwenye mihogo yake. Wa Kigoma akifukuzwa leo, kesho hana pa kulala, maana nyumba ni ya shamba. Ndiyo maana wanavumilia hayo maji.

Sheria Kwanza: Naunga mkono. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, haiulizi katoka mkoa gani. Suala la maji lipeleke NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kuhusu mikataba, mwajiri ndiye anayewajibika kutoa maelezo ya kazi kwa maandishi. Na akiachishwa mtu, awahi CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Wengi wanapoteza haki kwa kuchelewa tu.

Mama Pongwe: Mdogo wangu, usihoji tena kambini, wanyapara wanaona. Wasubiri siku ya gulio. Na kutumia alama badala ya majina hakutoshi: ukiandika "mama mwenye mapacha, kambi ya juu", umeshamtaja. Maji ya kupima nayo chukua siku hiyohiyo moja, mtoni juu ya korona na chini yake, la sivyo watakwambia uchafu ulitoka kwingine.

Binti Chumbageni: Asanteni sana. Hilo la mapacha limenishtua, kuna maelezo ya namna hiyo kwenye rasimu yangu na nayaondoa usiku huu. Orodha sitoi. Msimamizi wangu wa chuo nampigia kesho asubuhi, amwandikie meneja yeye mwenyewe.

Mzee wa Ngomeni: Akikufungia geti, njoo Ngomeni. Wastaafu wa mkonge tupo, na sisi hatuna wa kutufukuza.