Pijo la Baba, Desemba

Kikundi: PIJO KWENDA MULEBA 🚗
Jumapili, 30 Novemba 2025

06:41 Dada Adela: Tumsifu Yesu Kristo familia. Zimebaki siku 23. Misa ya mwaka wa Baba ni Jumamosi tarehe 27, nyumbani Muleba. Tunatoka Nyakato, Mwanza, Jumanne tarehe 23, saa 11 alfajiri, si saa 12. Na tunakwenda na gari lake, Pijo 504. Hilo nililisema tangu siku ya arobaini na sibadilishi. Siti ni 7. Andikeni majina:
1. Mama
2. Edga (dereva)
3. Adela
4.
5.
6.
7.

08:15 Dada Adela: Naona mmesoma watu 14. Hata "milele amina" hakuna?

08:22 Mama Ivo: Milele amina wifi. Tuko misa ya kwanza, nikitoka naandika.

08:23 Ba'mdogo Josi: Namba 4 mimi. Siti ya mbele lakini, magoti yangu mnayajua.

08:24 Dada Adela: Ba'mdogo shikamoo. Mbele anakaa Mama.

08:24 Ba'mdogo Josi: Marahaba. Basi nyuma ya Mama.

09:50 Dada Adela: Edga, tupe hali ya gari. Watu wanaogopa kujiandika kwa sababu hawajui kama litafika.

10:36 Edga: Liko chini ya mwembe hapa, limewaka jana na juzi. Rejeta nimeitoa, fundi ameizibua, ilikuwa imejaa kutu. Hozipaipu zote mpya. Plagi 4 mpya, platini mpya, kabureta imesafishwa. Tairi za inchi 14 nimepata nne, spea bado. Ugonjwa uliobaki ni pampu ya maji, inadondosha. Mwanza nzima hakuna ya 504. Kuna kijana kaipata Gerezani, Dar, anasema itapanda basi wiki hii.

10:37 Edga: Bila pampu sisogei hata Igoma. Nasema mapema.

10:41 Dada Adela: Hiyo pampu ni shilingi ngapi? Tuzungumze hela sasa, maana mchango ni 80,000 kila mtu mzima na mpaka leo waliotoa ni watatu.

10:44 Ba'mdogo Josi: Msiliogope gari hilo. 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978. Na kabla yake Pijo 404, 1966 na 1967 mfululizo, dereva akiwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam. Wa hapahapa kwetu! Matope ya wakati ule hamyajui nyie.

10:45 Ba'mdogo Josi: Lile la stesheni wagoni ukilala chini uangalie nyuma, springi za koili ni 4, mbili kila upande. Ndiyo maana kaka alikuwa anapakia ndizi mikungu 20 na watu juu, na gari halilali.

10:46 Koku: Babu hiyo 20 kila mwaka inaongezeka 😂😂 mwaka jana ilikuwa 12

10:46 Ba'mdogo Josi: Mjukuu wangu, ulikuwa hujazaliwa. Ishirini, na kuku.

10:47 Ray Dar: 😂😂😂

10:48 Dada Adela: Ray upo! 80,000 yako iko wapi?

11:30 Dada Adela: Ray?

12:05 Mama Ivo: Nimetoka kanisani. Hesabu: Adela 80,000, Shangazi Kemi 80,000, mimi na Baba Ivo 100,000 (60,000 tunamalizia mwisho wa mwezi). Jumla 260,000. Petroli peke yake, Edga anasema tuweke lita 45 kwenda na 45 kurudi, tukipita daraja la Kigongo-Busisi.

12:09 Edga: Tukipita darajani ndiyo. Ni km 300 na ushee mpaka Muleba. Tukizunguka Kahama ni kama 600, hesabu hiyo haifai.

12:10 Dada Adela: Kuzunguka Kahama kwa ajili gani tena? Daraja limefunguliwa tangu tarehe 19 Juni. Kilomita 3 unazipita kabla wimbo haujaisha. Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, Katoro, Bwanga, Biharamulo, Muleba. Chakula cha jioni tunakula nyumbani.

12:14 Edga: Sharti langu moja. Usukani ni wangu peke yangu kwenda na kurudi. Ya Katoro hayajirudii.

12:15 Dada Adela: Edga. Leo Jumapili.

12:21 Edga: Sigombani. Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu tangu Geita, mimi niko siti ya nyuma nasema simamisha, shemeji anasema gari la zamani ndivyo lilivyo. Tumefika Katoro linatoa mvuke kama sufuria ya makande. Akafungua mfuniko wa rejeta likiwa la moto. Nimelala ndani ya gari siku mbili nalinda, nyie mmepanda Hiace.

12:22 Edga: Gasketi Baba alilipa 450,000 ya pensheni. Ikaahidiwa kurudishwa mbele ya watu. Tangu 2014.

12:24 Dada Adela: Mume wangu hayumo humu ndani kujitetea.

12:24 Edga: Namba yake si unayo.

12:26 Mama Ivo: Jamani jamani. Tumalizie majina kwanza.

12:27 Ba'mdogo Josi: Hata Safari Rally magari yalikuwa yanachemka.

12:28 Dada Adela: Ba'mdogo tafadhali 🙏

13:40 Dada Adela: Haya, tuendelee. Siti. Nimeongea na fundi wa makochi pale Mabatini, atavisha siti zote upya, vinaili ya kahawia kama ilivyokuwa. Mama asikae kwenye sponji linalochungulia. Edga umeshazitoa?

14:12 Edga: Za mbele na za katikati nimetoa, nimempelekea. Ya nyuma kabisa nimeiacha.

14:12 Dada Adela: Kwa nini?

14:15 Edga: 📷 Picha

14:16 Edga: Angalia pembeni kushoto, chini ya mkunjo. Kalamu ya wino. Nimefuta vumbi kwa kidole ndiyo nikaona.

14:16 Edga: GOZI 1995 SAFARI YA IHUNGO

14:31 Dada Adela: Sikuwahi kuiona hiyo.

14:33 Edga: Wala mimi. Nimekaa kwenye siti hiyo utoto wangu wote.

15:20 Koku: Shangazi Adela shikamoo. Mimi nina wazo, msinicheke. Kama pampu haitafika na hela haitoshi, si tupande meli tu? MV Victoria unalala humo ndani, asubuhi unaamkia Kemondo, tunachukua gari mpaka Muleba. Bibi analala kitandani kabisa, mgongo haumsumbui.

15:20 Koku: Halafu Pijo litangulie na baba yangu Edga tu

15:52 Koku: ?

16:03 Shangazi Kemi: Koku futa hiyo.

16:03 Shangazi Kemi: Mfundisheni mtoto. Si kosa lake, amezaliwa 2004. Ni kosa lenu.

16:04 Koku: Samahani Bibi Kemi. Sijaelewa nimekosea wapi

16:05 Dada Adela: Nitakupigia.

16:06 Koku: Bibi yuko hapa na mimi anasoma

16:07 Edga: Koku mwache asome. Usifute chochote.

17:34 Mama: naandika mwenyewe koku ananionyesha herufi tu. msimgombeze mtoto ameniwazia mgongo wangu

17:46 Mama: nimesoma yote tangu asubuhi. tangu mv bukoba izame mei 1996 sijagusa maji ya ziwa hili hata kwa kivuko. baba yenu alinizungusha shinyanga na kahama kila desemba mpaka alipoishiwa nguvu. wenzake wanafika muleba jua bado liko juu sisi tunalala njiani. nyie mlikuwa mnacheka kwamba baba anapenda usukani. hakupenda usukani macho yalikuwa yanamuuma. hakuniuliza hata siku moja kwa nini hupandi kivuko. anaamka saa tisa anavuta choki anaacha gari linaunguruma pale uani anakuja mlangoni ananiambia mama gozi twende

17:51 Mama: watu wote walihamia kuniita mama adela. yeye peke yake alibaki na mama gozi

17:58 Mama: tulimpeleka gozi shule na gari hilo amekaa nyuma na sanduku lake. kurudi hakurudi na gari. siti hiyo isivishwe kitu. na habari ya daraja msiniamulie. daraja nalo liko juu ya maji. nitasema mwenyewe nikiwa tayari

18:40 Shangazi Kemi: Waitu Mama Gozi.

18:41 Ba'mdogo Josi: Mama Gozi.

18:42 Edga: Siti haiguswi Mama.

18:55 Mama Ivo: 🙏🙏

19:30 Dada Adela: Mama nimekuelewa. Nisamehe, nimekimbilia mbele peke yangu kama kawaida yangu.

19:33 Dada Adela: Ila wengine naomba tujipange kwa njia zote mbili. Edga, tukipita Kahama mafuta ni lita ngapi?

19:48 Edga: 70 kwenda, 70 kurudi, nimeweka na akiba. Na lazima tulale. Kahama au Nyakanazi. Sipitishi gari hilo porini Kasindaga usiku, hata kama njia imetulia siku hizi.

19:49 Dada Adela: Basi tuondoke Jumatatu tarehe 22.

19:49 Mama Ivo: Baba Ivo hana ruhusa ya Jumatatu.

19:50 Dada Adela: Basi mchango uwe 110,000.

20:15 Dada Adela: Mmenyamaza tena.

20:58 Ray Dar: Nilikuwa kwenye kikao, ndiyo nasoma sasa hivi. Nimesoma ya Mama mara mbili. Hiyo pampu nalipia mimi yote, Edga nitumie namba ya huyo kijana wa Gerezani, kesho naipitia mwenyewe niione kwa macho kabla haijapanda basi. Mchango nitaleta pia. Siti msinihesabu bado.

21:02 Edga: Angalia shafti isicheze ukiishika. Na uhakikishe ni ya 504, si ya 505.

21:03 Ba'mdogo Josi: 505 nayo ilikuwa gari.

21:10 Dada Adela: 1. Mama 2. Edga 3. Adela 4. Ba'mdogo Josi 5. Mama Ivo (?) 6. Koku

21:12 Dada Adela: Ya 7 tusiandike mtu.

21:12 Shangazi Kemi: Ndiyo.

21:25 Dada Adela: Edga ile 450,000 nimezungumza na mwenzangu jioni hii. Nitakupigia.

21:40 Edga: Sawa.

22:16 Dada Adela: Koku, Mama amesema chochote kuhusu njia? Tarehe 22 au 23? Nataka nimjibu fundi na nyumba ya wageni Kahama.

22:29 Koku: Ameshalala Shangazi. Kuhusu njia hajasema. Ameniuliza tu kama choki bado inavutwa kwa mkono au Baba ameibadilisha.

22:30 Edga: Kwa mkono. Mwambie ileile.