Nairobi tuko milioni 4.4? Aliyehesabu aje Pipeline

MtuWaPipeline
Kila mtu ana namba yake. Sensa ya 2019 ilisema Nairobi tuko 4,397,073. Mwanasiasa akiomba pesa tunakuwa milioni sita, tukimdai maji tunarudi kuwa nne. Ploti yetu hapa Pipeline, mtaa wa maghorofa Nairobi, ina ghorofa nane, ngazi tu, kila ghorofa vyumba kumi na sita, na choo ni foleni. Usiku ule wa Agosti 24 karibu nusu ya ploti ilikuwa ushago, kwa sababu waheshimiwa wa huko waliwaita "mje mhesabiwe nyumbani". Pesa za kaunti zinaangalia vichwa, maeneobunge pia. Swali langu: 2029 tukubali tena watu wetu waende kuhesabiwa kwa babu? Na makarani nao walikaa kivulini wakijaza tu.

KaraniMstaafu
Kivuli gani? Wewe ulinipa hicho kivuli? Nilipanda ngazi za Mathare wiki nzima na kishikwambi kinachokula chaji kama mtoto wa shule. Nikibisha, taa inazimwa. Wengine walidhani mimi ni kanjo, yaani askari wa kaunti, wengine walidhani landlodi amenituma nijue wamejazana wangapi kwa chumba kimoja. Mama mmoja alikana mume wake, na jamaa anakohoa nyuma ya pazia.

MtuWaPipeline
Pole, lakini hujajibu swali.

KaraniMstaafu
Ondoa kivuli kwanza.

Baba Shiku
Na mbona bia ilifungwa mapema wikendi ile? Saa kumi na moja jioni unafukuzwa baa ukahesabiwe! Mimi nilihesabiwa nikiwa na hasira.

Odongo wa Laini Saba
Hizo namba ni uongo tangu zamani. Kibera peke yake tuko zaidi ya milioni. Dunia nzima inajua.

HesabuKavu
Dunia nzima ilidanganywa, ndugu. Sensa ya 2009 ilipata Kibera watu 170,070. Kilomita mbili na kitu za mraba, na nyumba nyingi ni za chini. Milioni ungewaweka wapi, juu ya reli?

Odongo wa Laini Saba
Wewe unakaa Lavington unanihesabia majirani?

HesabuKavu
Nakaa Umoja, na maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Turudi kwa hesabu. 1999 tulikuwa 2,143,254. 2009, 3,138,369. 2019, hizo 4,397,073. Miaka kumi ya kwanza tuliongezeka kama asilimia 46, ya pili 40. Kwa hiyo tunakua, ila kasi imepungua. Ukiivuta ile ya mwisho, kama asilimia 3.4 kwa mwaka, 2025 inakupa karibu milioni 5.4. Lakini hapo umedhani watu wanahamia vilevile, na hapo ndipo makadirio yote huteleza. Kuzaliwa kuna cheti, kufa kuna cheti, kuhama hakuna. Mtu akishuka Kantri Basi na begi lake, nani anamwandika? Na siku hizi wengi wanapita mji tu wakalale Rongai, kaunti jirani ya Kajiado, na Rongai si Nairobi, ni safari.

Ronga Damu
Safari?? Nilikuwa nasoma nimenyamaza. Asubuhi nafika tauni kabla mtu wa Umoja hajamaliza foleni ya Jogoo Road.

Baba Shiku
Kwa nganya, matatu yenye muziki mpaka meno yanacheza. Nyinyi mnafaa kuombewa viza.

Ronga Damu
Cheka tu. Nina nyumba ya vyumba viwili na mti wa parachichi. Wewe ukifungua dirisha unashikana mikono na jirani.

Dada wa Kayole
Mti wa parachichi utaunywesha nini, na maji mnaletewa na lori?

HesabuKavu
Nilitania, bwana, lakini Rongai ndiyo jibu lenyewe. Kati ya 2009 na 2019 Kajiado ilitoka 687,312 ikafika 1,117,840. Hiyo ni asilimia 63! Kiambu iliongezeka karibu nusu. Nairobi 40. Jiji limemwagikia kwa majirani, ila mpaka wa kaunti haujasogea.

MtuWaPipeline
Basi hata hao ni wetu. Wanalala Kajiado, lakini taka na foleni za mchana wanatuachia sisi. Wahesabiwe hapa.

Ronga Damu
Sisi ni taka?

MtuWaPipeline
Sijasema hivyo.

Ronga Damu
Umeandika "taka". Parkingi nalipa nani? Chakula cha mchana nanunua wapi? Gari langu likifungwa mnyororo, hela inaenda Kajiado?

KaraniMstaafu
Mtu anahesabiwa alipolala usiku ule. Hatukuuliza kwenu ni wapi kiroho. Huyu wa Rongai ni wa Kajiado, na yule wa Pipeline aliyepanda basi kwenda kwa babu ni wa kwa babu. Hata waliokuwa safarini na wanaolala nje walikuwa na utaratibu wao. Ukitaka Nairobi ipate pesa zaidi, lala hapa.

Dada wa Kayole
Afadhali wewe umejibu. Mimi mwaka ule nilihesabiwa mara mbili, hapa na Siaya, kwa sababu mama aliniandikisha nikiwa sipo. Alisema mtoto wake hawezi kukosa kwenye daftari la boma.

KaraniMstaafu
Mama yako ametuharibia kazi.

Dada wa Kayole
Usimtaje mama yangu tena. Tena wewe wa kivuli.

KaraniMstaafu
KIVULI GANI?

Odongo wa Laini Saba
Bado tuko milioni.

Baba Shiku
Ronga Damu, tukiacha utani, bedsita huko kwenu ni ngapi kwa mwezi? Landlodi wangu ameongeza tena.

Ronga Damu
Si ulisema viza? Nitumie ujumbe kando. Uje na mtungi wa maji.