Mabomba ya plastiki katika kikusanya joto la jua

Mkaaji wa Kadutu, Bukavu:
Habari zenu, ndugu wataalamu. Ninakusudia kutengeneza kikusanya joto la jua cha kupasha maji ya kuoga nyumbani, na kwa kuwa shaba ni ghali mno, ninafikiria kulaza mabomba ya PVC chini ya kioo. Je, yatastahimili?

Fundi bomba, Goma:
Ndugu yangu, ninakusihi usifanye hivyo. PVC ya kawaida huanza kulainika karibu na nyuzi 80 za Selsiasi, ilhali kikusanya chenye kioo, maji yakisimama wakati wa jua la utosi, kinaweza kupita nyuzi 100. Bomba litalegea kati ya vishikizo, na viungo vya gundi vitavuja.

Mwalimu wa fizikia, Lubumbashi:
Naunga mkono. Hata hivyo, plastiki ina nafasi yake: polipropilini nyeusi isiyofunikwa kioo hutumika sana kupasha mabwawa ya kuogelea, ambako joto dogo linatosha. Kwa kuwa plastiki hupitisha joto kidogo sana kuliko shaba, mabomba yawe membamba na yapangwe yakigusana. Chagua yaliyotiwa masizi, maana miali ya urujuanimno huipasua plastiki isiyo na kinga, nayo Bukavu, iliyo mita 1,500 hivi juu ya bahari, huipata kwa ukali zaidi.

Mkaaji wa Kadutu:
Asanteni. Basi kioo nakiacha, ila jioni zetu ni za baridi. Maji yatabaki na joto?

Fundi bomba, Goma:
Yahifadhi kwenye tangi lililofunikwa vizuri, na ufunge vali iliyo kati ya tangi na mabomba kabla jua halijazama, ili maji ya moto yasirudi kupoa humo.