Wakristo wa Pakistan: tatizo ni sheria yenyewe au ni jamii inayoitumia?

Mwalimu wa Tabora aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Katika jumuiya yetu ndogondogo tuna desturi ya kuwaombea Wakristo wanaopata mateso duniani, na nchi inayotajwa mara kwa mara ni Pakistan. Maelezo tunayopewa ni mafupi mno: makanisa yamechomwa, watu wamefungwa, tuwaombee. Ningependa kuelewa kwa undani zaidi, kwa sababu ninayoyasoma hayapatani. Muhammad Ali Jinnah, mwasisi wa taifa lile, aliliambia bunge la katiba tarehe 11 Agosti 1947 kwamba raia wako huru kwenda misikitini, mahekaluni au mahali pengine popote pa ibada, na kwamba dini ya mtu haihusiani na shughuli za dola. Ukanda mweupe katika bendera yao uliwekwa kwa ajili ya jamii zisizo za Kiislamu. Jaji Mkuu wao kuanzia 1960 hadi 1968, A. R. Cornelius, alikuwa Mkatoliki.

Imekuwaje basi tukafika Agosti 2023, ambapo katika mji wa Jaranwala, mkoani Punjab, makanisa zaidi ya 20 na nyumba nyingi za Wakristo zilishambuliwa katika siku moja? Naomba tujibizane bila kuwatukana Waislamu, maana majirani zangu wa pande zote mbili ni Waislamu, na nusu ya ukoo wangu pia.

Wakili K. alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nianze na sheria, kwa kuwa bila hiyo mengine hayaeleweki.

Pakistan ilirithi Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1860 iliyotungwa na Waingereza kwa ajili ya India, kanuni ile ile iliyowahi kutumika hata Tanganyika kabla ya kupata yetu mwaka 1930. Makosa yanayohusu dini yalikuwamo tangu mwanzo, na nia yake ilikuwa kuzuia watu wa dini mbalimbali wasichokozane. Adhabu zake zilikuwa za kawaida na mashtaka yalikuwa machache. Mabadiliko makubwa yalikuja katika utawala wa kijeshi wa Jenerali Zia-ul-Haq: mwaka 1982 kikaongezwa kifungu cha 295-B, kinachotoa kifungo cha maisha kwa anayeinajisi Kurani, na mwaka 1986 kifungu cha 295-C, kinachohusu kumkashifu Mtume. Mwaka 1990 Mahakama ya Shirikisho ya Sharia ikaamua kwamba adhabu ya 295-C ni kifo tu.

Kifungu hicho cha 295-C hakitaji kusudi. Kwetu Tanzania, anayeshtakiwa kwa kuumiza hisia za dini ni lazima ithibitishwe kwamba alidhamiria kufanya hivyo. Kule, maneno yanayodaiwa kutamkwa yanatosha. Na kwa kuwa kuyarudia maneno hayo mahakamani kunaweza kuonekana kuwa ni kukashifu upya, shahidi anaweza kusema "alitamka maneno mabaya" bila kubanwa ipasavyo. Dhamana hupatikana kwa shida sana. Mpaka leo dola la Pakistan halijamnyonga mtu hata mmoja kwa kosa hili, lakini watuhumiwa wengi wameuawa na makundi ya watu kabla ya hukumu, na wengine hata baada ya kuachiwa. Tuhuma yenyewe ndiyo adhabu. Mtu akishatajwa, familia nzima inahama kijiji usiku huo huo, na hata mahakama ikimsafisha hana pa kurudi.

Mama Neema, zamani Lahore alijibu:

Naongeza jambo ambalo Wakili hakuligusa. Niliishi Lahore wakati mume wangu akisoma huko, na niliyoyaona yalinionyesha kwamba dini ni nusu ya habari. Wakristo wengi wa Punjab ni wajukuu wa watu wa tabaka la chini kabisa waliobatizwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Jina la dini lilibadilika, lakini namna walivyotazamwa haikubadilika. Kazi ya kufagia barabara na kuzibua mitaro ya maji machafu inahesabiwa kuwa yao, na kwa miaka mingi yamekuwepo matangazo ya kazi yanayosema wazi kwamba wafagizi watakaoajiriwa wawe wasio Waislamu. Niliona mtu akiteremshwa ndani ya shimo la maji taka kwa kamba iliyofungwa kiunoni, bila glavu wala kitu cha kuziba pua. Alipotoka akapewa chai katika kikombe kilichokuwa kinaning'inia peke yake msumarini, nje ya kibanda, nacho kilikuwa chake na cha wenzake tu.

Ubaguzi wa kikombe kama hicho ndio uliomfikisha Asia Bibi, mama Mkristo, kwenye hukumu ya kifo. Juni 2009, katika kijiji cha Ittan Wali, alikuwa akichuma matunda shambani pamoja na wanawake wengine. Alipowaletea maji, wenzake wakakataa kuyanywa kwa kuwa yameguswa na Mkristo. Yakafuata maneno, na baada ya siku chache akashtakiwa kwa kumkashifu Mtume.

Wako pia wanaofanya kazi katika matanuri ya matofali. Familia huchukua fedha ya awali, ambayo kule huitwa peshgi, kisha hufyatua matofali miaka na miaka bila deni kuisha. Sheria ya kukomesha kazi za utumwa wa deni ipo tangu 1992, lakini matanuri yanaendelea. Mwaka 2014, huko Kot Radha Kishan, mume na mke Wakristo waliokuwa vibarua wa tanuri walituhumiwa kuinajisi Kurani, wakapigwa na umati na miili yao ikachomwa katika tanuri hilo hilo. Mtu asiye na ardhi, asiye na ndugu polisi na anayedaiwa na mwajiri wake atajitetea kwa nani?

Abu Salim, Mombasa alijibu:

Assalaam alaykum na amani kwenu nyote. Mimi ni Muislamu, na nimemshukuru Mwalimu kwa namna alivyouliza.

Naomba tusiwasahau Waislamu waliolipa kwa damu katika jambo hili. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, alimtembelea Asia Bibi gerezani na kutaka sheria irekebishwe. Tarehe 4 Januari 2011 akauawa na mlinzi wake mwenyewe. Miezi miwili baadaye akauawa Shahbaz Bhatti, waziri wa jamii za wachache, aliyekuwa Mkatoliki. Wakili aliyemtetea Asia Bibi hadi mwisho, Saiful Malook, ni Muislamu, na baada ya ushindi ilimbidi aikimbie nchi kwa muda. Mwaka 2017 mwanafunzi Muislamu, Mashal Khan, aliuawa na wanafunzi wenzake katika chuo kikuu cha Mardan kwa tuhuma ambayo wachunguzi hawakuipatia ushahidi. Waislamu ni sehemu kubwa ya wanaoshtakiwa, na Waahmadiyya, wanaojihesabu Waislamu ingawa sheria ya Pakistan haiwatambui hivyo, nao wamo.

Jaji Asif Saeed Khosa, katika hukumu ya Mahakama ya Juu ya tarehe 31 Oktoba 2018 iliyomwachia huru Asia Bibi, alikumbusha ahadi ambayo kwa mapokeo Mtume aliwapa watawa wa Mlima Sinai, kwamba Wakristo walindwe na makanisa yao yaheshimiwe. Hoja hiyo ilitoka ndani ya Uislamu na kwa kinywa cha jaji Muislamu. Anayeunguza kanisa kwa jina la Mtume anamdhulumu Mkristo, na anamzulia Mtume vilevile.

Frateri J. alijibu:

Namheshimu Abu Salim, na aliyoyasema ni kweli. Hata hivyo naomba tusilainishe jambo mpaka likapoteza makali. Wakristo ni kama asilimia moja na kidogo ya Wapakistani, na tuhuma dhidi ya mmoja wao huwaangukia wote: Shantinagar 1997, Gojra 2009, mtaa wa Joseph Colony mjini Lahore 2013, Jaranwala 2023. Muislamu akituhumiwa, anawindwa yeye. Mkristo akituhumiwa, mtaa mzima unachomwa. Hapo ndipo uzito wa kuwa wachache unapoonekana, na ndiyo maana Askofu John Joseph wa Faisalabad alijipiga risasi nje ya mahakama mwaka 1998 akipinga hukumu ya kifo ya muumini wake. Sitetei alivyofanya, lakini uchungu uliomfikisha pale naufahamu.

Mwalimu wa Tabora aliandika:

Nawashukuru nyote. Abu Salim, nitaisoma sehemu hiyo ya hukumu mbele ya jumuiya Jumamosi. Swali moja limebaki: wale waliotuhumiwa kuinajisi Kurani kule Jaranwala waliishia wapi?

Wakili K. alijibu:

Ni ndugu wawili Wakristo. Mahakama iliwaachia huru Machi 2024, baada ya kuonekana kwamba walisingiziwa kwa sababu ya ugomvi binafsi.